Mvua Juu ya Yuniti ya Viziwi

Kiogoro,
S.L.P. 1173,
Kisii.

Jumapili, 10 Machi 1996

Mpendwa Mama Mdogo Bathsheba,

Pokea salamu nyingi za upendo kutoka kwetu sote. Hamjambo huko Voi? Joto limepungua? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi, kimepona? Mama huniuliza hayo kila jioni kana kwamba mimi ndiye mwenye majibu. Tafadhali mjibu yeye kwanza kabla ya kunijibu mimi.

Sisi ni wazima. Mvua za masika zimeanza mapema mwaka huu. Ikifika saa nane mchana, mbingu hugeuka nyeusi upande wa Manga, na muda si mrefu hatusikiani tena kwa kelele za mabati. Mahindi yameota vizuri. Ng'ombe amezaa ndama jike na kaka Jasper amempa jina lako. Nilimkataza, lakini baba alicheka sana, kwa hiyo jina limebaki.

Matokeo ya mtihani yalitoka. Nilipata C, bila jumlisha wala kutoa. Baba hakunigombeza. Alisema tu kwamba mjini kuna mahali wanapofundisha kupiga chapa, na kwamba kazi ya ofisini inamfaa mtu asiyependa kuzungumza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Naogopa, Mama Mdogo. Kesho asubuhi natakiwa kusimama peke yangu mbele ya watoto kumi na mmoja wasiosikia, na sijui kama nitaweza. Najua barua hii itakufikia wakati kesho imekwisha kupita, kwa hiyo sikuandikii ili uniokoe. Nakuandikia kwa sababu katika ukoo wetu ni wewe tu uliyewahi kufanya kazi hii. Tena juzi mama aliniambia kitu ambacho sikukijua: kwamba juma lako la kwanza ulirudi nyumbani ukilia, ukatupa mkoba jikoni na kuapa kwamba hutarudi tena kwa watoto wale.

Nianze mwanzo. Mwezi uliopita Bwana Nyamongo, ambaye ni mzee wa kanisa letu na tena mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa chini, alikuja nyumbani kutafuta msichana wa kumsaidia mwalimu wa viziwi. Shule yao ina yuniti ya viziwi, chumba kimoja kando ya darasa la nane. Alinitazama nikimpa chai, akamwambia baba, "Huyu hana kelele. Atawafaa viziwi." Watu wote wakacheka. Nami nikacheka, huku nimeziba mdomo kwa mkono kama nifanyavyo siku zote.

Unaijua tabia yangu hiyo. Bibi kule Marani alinisifu kwa ajili yake tangu nikiwa mdogo. Alisema mtoto mwenye chinsoni, ile heshima yetu, hamtazami mkubwa machoni wala haonyeshi meno ovyo. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja heshima hiyo ingekuwa hatari.

Mwalimu wa yuniti ni Mwalimu Abigael. Alisomea elimu maalum Nairobi, na ni mjamzito. Si mpole, Mama Mdogo. Mimi nilidhani walimu wa watoto kama hawa lazima wawe wapole kama malaika. Yeye hukasirika, na akikasirika uso wake wote hukasirika, mpaka nyusi. Lakini ikiisha imeisha, na watoto wanaiona ikiisha. Akitaka wamtazame, hugonga dawati kwa ngumi, nao wanausikia mtikisiko kwenye viwiko. Siku yangu ya kwanza niligonga dawati hilo kwa ncha za vidole, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. Hakuna aliyegeuka.

Siku hiyohiyo watoto walinipa jina la mikono, kwa maana kila mtu katika yuniti ana lake. La Mwalimu Abigael ni kidole kinachogusa mwanya wa meno yake. La Bwana Nyamongo ni tumbo. Langu ni kiganja kilichofunika mdomo. Nilipoelewa nilitamani ardhi inimeze, na kwa aibu nikaziba mdomo tena. Wakacheka mpaka wakaegemeana.

Kuna mtoto anaitwa Trisha, ana miaka saba. Wazazi wake ni Wahindi wenye duka la vitambaa mjini. Kila asubuhi baba yake, Bwana Bhupendra, humshusha kwenye njia panda, penye kinu cha kusagia mahindi, nami humpokea hapo ili tupande pamoja hadi shuleni. Kabla ya kunipa mkono, lazima kwanza aweke kiganja chake kwenye nguzo ya kinu mashine ikiwa inazunguka. Hufumba macho. Kisha hunitazama kama mtu aliyetoka kusalimiana na rafiki. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Mimi nikiwa na watu hutazama chini, kwa hiyo naona mikono ya watu zaidi ya nyuso zao. Nilidhani ni upungufu.

Mwalimu Abigael ana mzaha mmoja anaoupenda. Mvua ikianza kupiga mabati, madarasa yote hunyamaza, kwa kuwa hakuna mwalimu anayeweza kusikika. Hata Mwalimu Obwocha wa darasa la nane, mwenye sauti inayofika sokoni, huweka chaki chini. Ni yuniti peke yake inayoendelea kusoma. "Mvua ikinyesha," husema, "shule nzima ni viziwi isipokuwa sisi."

Jumanne iliyopita Mwalimu Abigael alikwenda kliniki, akaniachia darasa kwa saa mbili. Tulikuwa tukijifunza rangi. Saa nane na nusu mvua ikaja, na safari hii ilikuja na mawe na radi. Wajua nilivyo na radi. Nilikuwa mlangoni kwa bibi siku ile ilipomuua ng'ombe wake, na harufu ile haijanitoka puani. Basi ilipiga karibu sana, nyuma ya mikaratusi, na dirisha lote likawa jeupe.

Niliwaambia watoto wakae. Nakumbuka maneno yangu. "Kaeni chini, ni mvua tu, itapita." Yalikuwa maneno mazuri. Lakini niliyasema nikiwa nimeziba mdomo, na macho yangu yalikuwa dirishani, juu ya kichwa cha Trisha. Trisha alinitazama, akageuka kutazama nyuma yake, akanitazama tena, kisha akakimbia. Sweta yake ilinigusa mkono akipita. Miguu yangu haikusogea. Hilo ndilo linalonitesa nikilala na nikiamka: alipita karibu yangu, na miguu yangu haikusogea.

Kisha nilikimbia hadi darasa la nane. Mwalimu Obwocha hakungoja maelezo. Yeye na vijana wake walitoka mvuani, walimu wengine wakafuata. Mimi nilirudi kwa wale kumi, ambao walikuwa wamepanda juu ya madawati. Kutoka mlangoni niliwasikia kila upande, kwenye migomba, kule kijitoni, nyuma ya vyoo: "Trisha! Triiisha!" Shule nzima ilikuwa ikimwita mtoto asiyesikia. Hakuna aliyeliona jambo hilo, Mama Mdogo. Hata mimi niliita.

Kijito kilikuwa kimefura. Nilikifikiria hicho tu. Halafu nikaona mkono wa Nyangate, msichana wetu mkubwa, umelala juu ya dawati umetandazwa, na kila ngurumo ilipopiga alikuwa akiutazama. Alikuwa akiisikiliza ngurumo kwa kiganja. Hapo nikakumbuka nguzo ya kinu.

Mwalimu Obwocha alikuwa amerudi, maji yakimtiririka. Nilimwambia huku nikitazama viatu vyake. Akafoka, "Kinuni? Kwa mvua hii, aende kinuni kusaga nini?" Bado alikuwa akizungumza nilipoondoka. Sijawahi maishani mwangu kumwacha mtu mzima akisema.

Alikuwa huko. Amekumbatia nguzo, shavu limebanwa kwenye mti, amelowa chepechepe. Mwenye kinu alinung'unika, "Ni wako huyu? Ameshika nguzo hataki kuachia. Nikazima mashine, akalia. Nimeiwasha tena na sina hata mahindi ya kusaga." Trisha aliponiona, hakunikimbilia. Alitazama nyuma yake. Sikuelewa. Nilimbeba mgongoni mpaka shuleni, tunatetemeka wote wawili.

Kesho yake Mwalimu Abigael aliniuliza swali moja. "Uliwaambia nini?" Nikamjibu kwamba niliwaambia wakae. "Walikuona ukisema?" Nilikuwa nimeziba mdomo hata wakati ule aliponiuliza. Aliutoa mkono wangu usoni yeye mwenyewe, bila upole. "Roselyne, hapa uso wako ndio sauti yako. Ukiuziba, umewazimia taa."

Katika ofisi ya walimu Mwalimu Obwocha alisema kwa sauti, akijua niko nje, "Msichana anaogopa hata chaki, mmempa yuniti!" Wengine walicheka. Sikumlaumu. Alikuwa ameingia kijitoni hadi kiunoni siku ile.

Trisha alipata homa. Hakuja Jumatano wala Alhamisi. Alhamisi hiyo mama yake, Bi Meena, alikuja peke yake, nami nilijificha nyuma ya kabati la vitabu nikingoja kufukuzwa. Hakuja kugomba. Alisimama katikati ya darasa, akaziba mdomo kwa kiganja, akaelekeza kidole nyuma ya bega lake, akatoa macho makubwa. Akasema, "Trisha anafanya hivi siku mbili. Mchana, usiku, hivi, hivi. Mimi ni mama yake na sijui anasema nini. Niambieni anasema nini."

Mwalimu Abigael alimweleza. Kiganja mdomoni ni jina langu. Mtoto anasema: mwalimu Roselyne aliona kitu nyuma yangu.

Basi hakunikimbia mimi, wala radi. Alikimbia kile alichodhani nimekiona. Nilimwonyesha macho yangu tu, na maneno yote yaliyokuwa ya kumtuliza nikayaficha chini ya mkono.

Bi Meena alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, akajifuta uso kwa ncha ya sari. "Miaka saba," akasema, "ni mara ya kwanza ananipa habari. Habari mbaya, lakini habari." Kisha akaniuliza mimi, siyo Mwalimu Abigael: "Jumatatu wewe upo? Ukiwepo, namleta. Amekuzoea wewe. Usipokuwepo atakaa na mimi dukani, basi."

Alisema hivyo bila kujua jambo ambalo hata mimi sikulijua bado. Ijumaa Bwana Nyamongo aliniita ofisini. Daktari amemwamuru Mwalimu Abigael apumzike kuanzia Jumatatu, kabla ya siku zake za kujifungua, na mwalimu mwingine aliyesomea hatapatikana kabla ya muhula wa pili. Nisipokubali kushika darasa hadi Aprili, watoto wote watarudishwa nyumbani. Na wewe unajua vizuri kuliko mimi, mtoto kiziwi akirudishwa nyumbani huku kwetu, mara nyingi hurudi shambani kulinda mahindi na asionekane tena. Bwana Nyamongo hakunisukuma. Alisema, "Sitaki jibu leo. Utanijibu Jumatatu saa moja na nusu, kwa kuja au kwa kutokuja."

Tangu hapo sijalala vizuri. Jana Sabato nilikaa kanisani, na kila mtoto aliyetoka nje nilimfuata kwa macho. Naogopa kijito. Naogopa kwamba nitamgeukia mmoja na mwingine atapotea. Naogopa kwamba miguu yangu itakataa tena. Hata kupiga chapa sasa naona ni kazi nzuri sana; mashine haikutazami usoni.

Jambo moja linanichanganya. Nilidhani kazi hii ni ya watu wasio na woga. Lakini Mwalimu Obwocha hana woga, na anajua hesabu kuliko mtu yeyote hapa, na mwaka jana aliwekwa yuniti akatoka baada ya muhula mmoja. Ijumaa jioni, nikifunga madirisha, alikuja akaegemea mlango. Sikujua nitazame wapi. Akasema, "Mtoto wa Bwana Okemwa," ndivyo anavyoniita, kwa jina la baba, "unajua kwa nini nilitoka hapa? Kule darasa la nane nikipiga kelele naogopwa. Hapa nikipiga kelele wananitazama meno." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Sikuweza kuwangoja. Mimi nikisema kitu mara mbili naona nimetukanwa. Wewe nilikuona na yule Nyangate, mara kumi na mbili rangi ya kijani. Nilihesabu." Akaondoka. Sijui kama ilikuwa sifa au mzaha. Kwake hayo mawili yanafanana.

Kwa hiyo nakuuliza, Mama Mdogo, kwa kuwa sina mwingine wa kumuuliza. Mtu huzaliwa na moyo wa kazi hii, au moyo huufuata mkono polepole? Wewe ulikuwa mcheshi siku zote, mama anasema uliwachekesha hata kwenye matanga. Mbona wewe pia ulilia? Na siku ile uliyorudi shuleni baada ya kutupa mkoba, uliingiaje? Uliingia ukiwa umeacha kuogopa, au ulikuwa bado unaogopa? Naomba uniambie kweli. Usiniambie jambo la kunifariji.

Nimekuwa nikijifunza mbele ya kile kioo kidogo cha baba cha kunyolea. Nasema "Kaeni chini" huku mikono ikiwa kifuani, uso wazi. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Mkono unapanda wenyewe kama nzi. Mama alinichungulia, akaniuliza, "Ni nani huyo unayemchekea kiooni? Ng'ombe wake wa mahari wanakuja lini?" Hata sasa bado anasubiri jibu.

Nilimwomba Mwalimu Abigael anifundishe jambo moja kabla hajaondoka. Nilidhani atanifundisha namna ya kuficha woga. Alikataa. Alisema hawa watoto tangu kuzaliwa hawana kazi nyingine ila kusoma nyuso, na sitawadanganya. Badala yake alinipa ishara ya kuogopa: mikono miwili kifuani, ikitetemeka. Kisha kidole kwangu mwenyewe. Kisha kidole chini, hapa niliposimama. Naogopa, na niko hapa. Nimeirudia leo mpaka mabega yanauma.

Nitakwenda, Mama Mdogo. Nimeandika neno hilo na kalamu imeteleza kwa jasho, utaona waa. Saa moja kamili nitakuwa kwenye njia panda. Labda gari la Bwana Bhupendra litakuja, labda halitakuja. Likija, nitamngoja Trisha asalimiane na nguzo yake kwanza. Kisha, kabla hatujapanda, nitageuka pamoja naye tutazame nyuma, mimi na yeye, mpaka aone kwamba hakuna kitu.

Na saa nane mvua itakuja, kwa maana haijakosa hata siku moja juma hili. Mabati yatalia, Mwalimu Obwocha ataweka chaki chini, na shule nzima itanyamaza. Darasa moja tu litakuwa linaendelea kusoma. Wakati huo, tafadhali, popote utakapokuwa umesimama mbele ya watoto wako, nikumbuke. Mwalimu wa darasa hilo atakuwa mimi, mikono kifuani, uso wazi, natetemeka.

Nisalimie baba mdogo Jethro na wanao wote, na yule mdogo mwambie ndama bado hajajua kuitika jina. Bibi wa Marani anakuombea, na shangazi wa Suneka anauliza kama ulipokea zile mbegu za mboga. Mungu akulindie kifua chako na mikono yako, ambayo sasa nimeanza kujua ni kazi gani inafanya.

Mwana wa dada yako, akupendaye kwa moyo wote, hata ukidunda namna hii,

Roselyne